Mstari Ulioishia Njiani

Zainabu mwanangu,

Umetoka kwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, baba yako amejilaza baada ya kula, na nyumba imebaki na mimi na feni. Nimeona nikuandikie sasa hivi, mchana, kwa sababu najijua: kesho uwanja wa ndege sitasema la maana. Mambo ya makoti, soksi nzito na namna ya kubadilisha treni huko unakokwenda kusoma ameshakueleza baba yako, mtu ambaye hajawahi kuvaa koti hilo wala kupanda treni hiyo. Siongezi. Ya chakula, ya sala na ya marafiki unayajua, na usiyoyajua utajifunza kwa kukosea, kama sisi.

Ninachotaka kukuandikia ni habari za mashairi. Najua unatabasamu. Mama mwingine angemwandikia bintiye habari za wanaume.

Nianze na wiki iliyopita. Nilikuletea chumbani kitabu cha babu yako, ule mkusanyiko wa mashairi yake, nikakiweka juu ya nguo ulizokuwa unakunja. Ukakiinua taratibu, ukanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, mie siendi nacho," ulisema. "Nikifika nacho kule nitakuwa mjukuu wa mshairi mpaka siku ya kurudi. Nataka niwe mimi kwanza."

Nilikipokea nikatoka bila kukujibu. Jioni ukaja jikoni kuniomba radhi, ukidhani umeniudhi. Hukuniudhi. Nilinyamaza kwa sababu maneno yako niliyafahamu. Niliwahi kuyasema mwenyewe, kwa ubaya zaidi, tena gazetini, na niliyemsema alikuwa babu yako huyo huyo, kabla sijajua kwamba atakuwa baba mkwe wangu.

Hadithi hiyo umeisikia kwa baba yako. Yeye huisimulia kama habari ya mapenzi: mama yako alimchambua baba yangu, baba akamwalika chai, chai nikaileta mie, mambo yakaishia hapo. Ni kweli chai aliileta yeye. Mengine ameyaruka.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimetoka Tunduru nikasoma mpaka chuo kikuu, na huko tukakutana na mhadhiri kijana aliyetutia wazimu wanafunzi wote. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, amejaa nadharia mpya. Alitwambia kwamba ushairi wetu umefungwa kamba za vina na mizani, kwamba kulazimisha kila mstari uwe na silabi kumi na sita, nane huku na nane kule, ni sawa na kumvalisha mtu mzima sare ya shule ya msingi. "Mshairi wa kweli," alisema, "huanza siku anapomuua babu yake." Tuliikariri sentensi ile kama sala.

Alitufundisha na jambo jingine, ambalo halikunoga kukaririwa. Alisema kazi mpya ikiingia katika fasihi, zile za zamani hazibaki zilivyokuwa. Zote husogea kidogo kuipisha, na ukizirudia unazikuta zimekaa mkao mwingine. Nililijibu hilo kwenye mtihani nikafaulu. Sikulielewa hata kidogo.

Ila la kumuua babu lilinikaa, na lazima nikwambie kwa nini. Mimi ni mtu wa bara. Chuoni tulikuwa na vijana wa pwani ambao mashairi waliyasikia tangu wamebebwa mgongoni. Mie nikifungua mdomo kughani, wenzangu walikuwa wanatabasamu, maana Kiyao kilikuwa kinachungulia katika kila neno. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mtu alipotokea akasema nyumba ile ambayo sikujua pa kuingilia inafaa ibomolewe, nilimshukuru toka moyoni.

Nikapangiwa kufundisha sekondari Temeke, na gazeti moja likanipa nafasi ya kuandika uhakiki kila wiki. Katika gazeti hilo hilo, ukurasa wa mashairi, alikuwa anaandika mzee mmoja wa Temeke aitwaye Shomari, karani mstaafu wa reli. Watu walimpenda. Wapo waliofungua gazeti kuanzia kwake, ndipo warudi kwenye habari za serikali. Nikaandika makala ndefu juu yake. Nilisema mashairi yake ni kasha lenye nakshi, zuri kwa nje, ukilifungua tupu. Nilisema anahesabu silabi kama mtu anayehesabu punje za mchele huku mgeni ana njaa. Niliipenda sana sentensi hiyo. Bado naipenda, na hilo ndilo baya la sentensi nzuri, kwani mashairi yake niliyokuwa nimeyasoma yalikuwa machache tu, na hayo niliyasoma nikitafuta pa kumkamata.

Wiki iliyofuata akanijibu. Ubeti mmoja tu, katikati ya ukurasa:

Mwalimu nimesikia, kasha langu li tupu tu,
Mlangoni wangalia, hujagusa hata kitu,
Ufunguo takwachia, ufungue mwana wetu,
Bisha hodi kuingia, usihukumu kwa kutu.

Shuleni ulisomwa kwa sauti ofisi ya walimu, na mimi nimekaa pale pale nasahihisha madaftari. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Sasa utamjibu vipi mzee?"

"Nitaandika makala."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mtu kakupiga shairi, wewe unamjibu makala? Basi umeshashindwa, bibie. Nenda ukatunge."

Ikanibidi nitunge. Mimi niliyesomea kuzikataa kanuni, nikawa nakaa chumbani kwangu, kile chumba cha kupanga Temeke, nikihesabu silabi kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani nitamaliza kwa siku moja. Ilinichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo nikajua jambo ambalo sikulipata chuoni. Neno la kwanza linalokujia ukitaka kusema kitu, mara nyingi ni neno la kila mtu. Unalileta, halienei katika mizani, unalitupa. La pili halina kina, nalo unalitupa. Ukifika la nne au la tano, unashangaa umesema jambo ambalo hukujua kwamba lilikuwa moyoni mwako. Nilichokuwa naita kamba kilikuwa kinanizuia kujidanganya. Si mara zote, lakini mara nyingi kuliko nilivyopenda kukubali.

Jibu langu likachapishwa, naye akamtuma mtu shuleni kuniita nyumbani kwake. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta ameketi barazani, kanzu imepigwa pasi, kiti cha pili kimeshawekwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Shairi lako nimelipenda. Mstari wa kwanza unachechemea, lakini umefika kwa miguu yako mwenyewe."

Akaughani: Mzee nimepokea, ufunguo wa kasha lako. Kisha akanyamaza ili nihesabu. Upande wa kwanza nane, upande wa pili tisa. Wiki zote zile, na mstari wa kwanza kabisa nimezidisha. Nilitamani nirudi nilikotoka. Yeye akacheka, kicheko kile chako cha kuinamisha kichwa, akasema, "Usijali. Mtu akizidisha ni kwamba anacho."

Ndipo baba yako akatoka na sinia la chai.

Tulizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikavuka njia. Nilimweleza nadharia zetu zote. Nilipofika kwenye kumuua babu, alifikiri kidogo, kama mtu anayepima jambo la haki.

"Ya nini kumuua?" akasema. "Subiri kidogo, atakufa mwenyewe."

Bibi yako, yule uliyepewa jina lake, alikuwa anatusikiliza kutoka ndani, nikamsikia anacheka. Mzee akanywa chai yake, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na akishakufa ndiyo utamtaka."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo baba yako huisimulia vizuri. Sehemu ambayo haisimulii, kwa sababu ananipenda, ni iliyofuata.

Nilipoolewa katika nyumba ile nilikuwa mtu wa mapokeo kuliko wenye mapokeo. Safu yangu gazetini ikageuka. Vijana walioandika mashairi huru, wanafunzi wa yule yule mhadhiri wangu, nikawachapa kila wiki kwamba ni wavivu, hawajui kuhesabu. Nikawa natunga usiku na mchana, tarbia, takhmisa, tenzi ndefu. Hakuna aliyenikosoa tena. Silabi zangu zilitimia, vina vyangu vilisimama kama askari. Watu wa pwani walinipongeza, na mie binti wa Tunduru nikaona sasa nimekaribishwa.

Siku moja nikamsomea babu yako shairi nililolipenda kuliko yote. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Zuri sana. Hili nililitunga lini?"

"Nimelitunga mimi, baba. Jana."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nauliza."

Akaniuliza, "Bibi yako kule Tunduru, akitwanga, alikuwa anaimba nini?"

"Nyimbo tu, baba. Za Kiyao. Si mashairi."

"Nani kakwambia si mashairi?"

Aliyeniambia ni mimi mwenyewe. Akaniomba nimwimbie wimbo mmoja. Nikaanza, nikakwama. Nilikumbuka mchi ulivyokuwa ukishuka, nilikumbuka mahali bibi alipokuwa anavuta pumzi, lakini maneno yalikuwa yamekwenda, na bibi mwenyewe tulishamzika. Babu yako hakunisimanga. Aliniambia tu, "Pole," kama mtu anavyompa pole mfiwa.

Hapo ndipo nilipoacha kutunga, Zainabu. Umekuwa ukiniuliza tangu uko sekondari, nami nakujibu kazi nyingi, ndoa, wewe mwenyewe. Si kweli. Niliona kwamba nilianza kwa kumdharau babu wa watu, nikaishia kujificha nyuma yake, na kumbe kote kuwili nilikuwa namkimbia bibi yangu. Ningeweza kurudi Tunduru. Walikuwepo wanawake wengine waliokuwa wanazijua nyimbo zile. Sikwenda. Niliendelea kuhakiki kazi za watu, kwa sababu hiyo naiweza.

Sasa nije kwako.

Bibi yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Utakumbuka jinsi babu alivyokuwa akikuketisha barazani baada ya shule na kukughania. Sisi tulidhani anajiliwaza. Siku hizo alitunga ubeti huu, naye aliughani mbele yetu sote kabla ya kuupeleka gazetini:

Nyumba yetu imepoa, kikombe kiko mezani,
Nani wa kukiondoa, kukirudisha jikoni?
Nikianza kukohoa, waniita, "Una nini?"
Leo nimeshakohoa, nani

Akaishia hapo. Nani. Sote tulingoja. Baba yako alidhani amesahau, akataka kumsaidia. Mimi nilihesabu bila kutaka, maana sikio langu lilikuwa limeshafundishwa na yeye mwenyewe: nane upande wa kwanza, mbili upande wa pili, na zile sita zilizobaki hazipo. Kina kimetimia, mizani haikutimia. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupunguza silabi moja, alifika mahali akamwita mkewe na mkewe hakuitika, na mstari ukabaki wazi kama kiti chake.

Nilisomea mashairi huru miaka mingi. Nilisoma kurasa na kurasa zilizovunjwa mistari huku na huku, na sikuwahi kusikia mstari umevunjika namna ile. Tuliusikia kwa sababu tulijua ulivyopaswa kuwa. Asiyejua kwamba kuna nane hawezi kuumia kwa mbili.

Gazeti lilipotoka, mstari ulikuwa umekamilika. Mhariri, kijana mwenye heshima zake, alidhani mzee amezeeka akapoteza hesabu, akamsitiri. Aliandika: Leo nimeshakohoa, nani wa kunithamini. Mizani nane safi, kina safi, na kilio chote kimekwisha, maana nani wa kunithamini ni maneno ambayo mtu yeyote angeyasema kuhusu jambo lolote.

Nilighadhibika, nikataka niende ofisini kwao siku hiyo hiyo. Babu yako akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Wameniongezea pumzi ambayo sikuwa nayo."

"Lakini watu watalisoma hivyo, baba."

"Wasome. Atakayesikia atasikia."

Akafa pasipo kulirekebisha. Wanafunzi wake wa ushairi walipomkusanyia kitabu walichukua kutoka magazetini, kwa hiyo kitabuni umo mstari wa mhariri. Shangazi yako, ambaye wakati ule alikuwa ameolewa Tanga, aliujulia gazetini. Kila hitima ya wazazi wake ameusoma hivyo mbele ya wakubwa, nyinyi vijana mko nje na masufuria, na kila mara analia. Sikuwahi kumwambia. Nilijiambia kwamba ni ubeti mmoja tu, na kwamba anayelia halilii neno.

Halafu wewe ukapanda jukwaani Kinondoni.

Nakumbuka tulivyokaa mbele, mimi, baba yako na shangazi yako na dera lake jipya, katikati ya vijana ambao hata viti hawakuvitaka. Ukatoka na yule mwenzako wa singeli na mitambo yake. Mdundo ule unakwenda mbio kama mtu anafukuzwa. Mashairi yako mawili ya kwanza niliyashika nusu. La tatu ukaanza, Nyumba yetu imepoa, na shangazi yako akanishika goti kwa furaha. Ukayapitisha maneno ya babu yako juu ya mdundo ule, kasi, kasi, na sikuamini kwamba yanaenea, lakini yalienea, nane kwa nane. Ukafika mwisho. Leo nimeshakohoa, nani. Na kila kitu kikakatika. Mdundo, taa, sauti yako. Ukumbi mzima wa watoto waliokuwa wanaruka ukasimama.

Shangazi yako akanyanyuka. Alisema, kwa sauti ambayo waliokuwa karibu waliisikia, "Kamkata baba yangu ulimi," akatoka, na baba yako akamfuata.

Nilibaki peke yangu pale. Hukuutoa mstari ule kitabuni, kwa sababu kitabuni haumo. Ulitoka nao barazani, una miaka minane, miguu haifiki chini. Hukujua kwamba kuna mstari mwingine. Wewe unayesema hutaki kwenda kuwa mjukuu wa mtu, ndiye pekee katika ukoo wetu uliyembeba mzee kama alivyokuwa, na ulimbeba ndani ya mdundo ambao angeziba masikio kuusikia.

Ukashuka, umelowa jasho, ukanijia mbio. "Ulionaje, mama?"

Nami mwalimu wa fasihi, mhakiki, niliyeandika kila wiki juu ya kazi za watu nisiowajua, nilikujibu, "Sauti ilikuwa juu sana."

Uliitikia tu, "Sawa, mama," ukaenda kusaidia kukunja nyaya. Tangu siku ile natafuta pa kulirudisha neno lile. Nilikuwa naogopa shangazi yako, naogopa machozi yangu, na nadhani nilikuwa na wivu kidogo. Sasa nakwambia nilichopaswa kukwambia pale. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote niliyosikia katika ushairi wetu tangu babu yako afunge mdomo. Tangu siku ile nimerudia mashairi yake ya zamani, hata yale ya kuchekesha ya wakati wa reli, na kila mahali anapovuta pumzi nasikia kumbe alikuwa anajua kimya kiko wapi. Wewe ndiye uliyenifanya nisikie. Yale niliyoyaandika kwenye mtihani bila kuyaelewa, kwamba kazi mpya huzisogeza za zamani, nimeyaelewa nikiwa na mvi, kwenye kiti cha plastiki, Kinondoni.

Kuhusu shangazi yako: juzi nilikwenda kwake. Nilimweleza kila kitu, mhariri, ule mstari, maneno ya baba yake. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema mwishoni, "nimelia maneno ya mhariri?"

"Ulimlilia mama yako, wifi."

"Usinibembeleze." Akachambua tena muda mrefu. "Mlete huyo mtoto kabla hajaondoka. Aje peke yake, bila hayo madebe yake."

Ndiyo sababu ya safari yako ya leo. Samahani kwa kukuficha. Nilijua ukijua utajiandaa, na ukijiandaa utakuwa msanii mbele yake badala ya mtoto wa nduguye.

Sasa huko uendako. Kuna mitego miwili, nami nimeingia yote, kwa hiyo sikuhubirii. Wa kwanza unaujua: kuona kwamba kitu ni cha zamani ukadhani umekwisha kukisoma. Wa pili utakuja na tabasamu. Watu wema kule, walimu na wanafunzi wenzako, watafurahi sana kumpata mjukuu wa mshairi wa Kiswahili. Watakutaka ughani. Watakutaka uvae kanga. Watakuuliza lipi ni la asili na lipi limeingia, nawe utajikuta unalinda nyumba ambayo ulitaka tu kuishi ndani yake. Siku nyingine utawapa wanachotaka, kwa sababu ni baridi na unataka kupendwa. Usijichukie siku hiyo. Ila angalia usije ukaanza kumwigiza babu yako mbele ya wageni, maana nimeshajaribu, na mtu hujipoteza polepole sana, huku anapigiwa makofi.

Kitabu kibaki. Uliamua vizuri, hata kama hukujua sababu zote. Kimejaa mema, na siku utakapokitaka kipo kabatini, lakini unayemhitaji umeshatoka naye. Na usimchukue yeye peke yake. Kuna yule bibi yangu wa Tunduru ambaye sikukupa chochote chake, hata wimbo mmoja. Nimemwandikia binamu yangu kule. Nakwenda mwezi ujao, kukaa na wazee waliobaki, niwasikilize. Pengine nimechelewa. Nikipata hata nusu ya wimbo nitakurekodia kwenye simu, na utaufanya utakavyo, hata na hayo madebe.

Nimekatisha kidogo kupokea simu. Alikuwa shangazi yako. Anasema umetoka kwake sasa hivi, umebeba mfuko wa vileja, kwa hiyo tukungoje na chai.

Nikamuuliza, "Alisoma?"

"Alisoma," akasema. "Alipofika pale akanyamaza. Na mie nikanyamaza. Tumekaa hivyo, wifi, mpaka muadhini akatushtua."

Akakata simu.

Basi mwanangu, kesho nitakukumbatia, nitauliza kama umekula, kama umechukua pasi ya kusafiria, na hayo ndiyo yatakuwa maneno yangu yote mbele ya watu. Mengine yako hapa. Nina ombi moja tu, nalo ni la mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Ukifika huko, andika vibaya. Andika vibaya kwa muda mrefu, bila haya, mpaka litoke lililo lako. Mimi niliogopa kuandika vibaya, ndiyo maana nikawa mhakiki.

Akupendaye hata asipojua namna ya kusema,
Mama yako